Vijiko vya Saa Mbili Asubuhi

Ikiwa unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki, bahasha ya kahawia magotini, nakuomba jambo moja kabla sijaanza. Muuguzi akikuuliza kama vidole vyako vina ganzi, mwambie ukweli. Mimi nilisema hapana mara tatu.

Mimi ni mchongaji wa mbao. Nina miaka hamsini na miwili. Nyumba yetu iko Komarock, ghorofa ya tatu, lakini kwa miaka ishirini na mitatu siku zangu nilizimalizia Kariobangi, katika banda la kikundi chetu, ambako nilikuwa na nafasi yangu: kigoda, kisiki cha kuchongea, na kipande cha ukuta chenye misumari ya kutundikia vifaa. Shule niliiacha mapema. Mengine nimejisomea kwa vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara, kurasa kumi kwa siku, nikinakili maneno nisiyoyajua. Miguu ya twiga niliielewa kitabuni kabla ya kuielewa kwa patasi. Kwa sababu ya madaftari yangu wenzangu walinifanya katibu, na kama katibu niliandika sheria za kikundi.

Moja ya sheria hizo ilisema kwamba mwanachama asiyepitisha hata kazi moja kwa mwaka mzima, nafasi yake atapewa mwingine. Kazi yenyewe lazima iwe ya mkono wake, tangu gogo hadi msasa. Niliandika hivyo kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa kijijini huku wameshikilia vigoda vitupu, na wengine walileta vinyago vya kununua wakaviita vyao. Kuhusu ugonjwa sikuweka neno. Musyoka alipokaa kwao mwaka mzima akimuuguza mama yake, mimi ndiye niliyesimama nikamsomea kifungu hicho. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua tezo lake, shoka dogo la kuchongea, akaenda.

Kupitisha kwetu ni hivi. Mzee Kioko, mwenyekiti, anapokea kazi yako, anaipeleka nyuma ya mgongo wake, na huku macho yake yakiangalia barabara anaipapasa kwa kidole gumba. Kidole kikisimama mahali, anakurudishia. Haelezi. Sisi wenyewe hujikagua hivyo hivyo, kwa sababu jicho hudanganywa na mwanga.

Kazi yangu ya mwisho kupita ilikuwa swala wa mzeituni, mapema Desemba. Wakati huo uvimbe shingoni ulikuwa tayari umelingana na kokwa ya embe, na usiku nilikuwa nalowesha shuka kwa jasho. Januari ilikwisha katika foleni za vipimo. Daktari alipotaja saratani ya tezi za limfu, mke wangu Mutheu alimwomba aliandike jina kwenye karatasi, kisha akaikunja karatasi na kuitia kwenye sidiria, mahali anapoweka vitu asivyotaka vipotee.

Dawa ya dripu, ambayo kila mtu huiita kemo, nilipangiwa mara sita, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza ilikuwa katika joto la Februari. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi na kuitwa saa tano. Nitakachokikumbuka zaidi si sindano bali benchi lile, rangi yake ya kijani iliyobanduka mahali watu wanaposhika wanapotaka kuinuka. Hapo ndipo nilipomjua Wafula, kibarua wa kiwandani, ambaye tarehe zake zilifanana na zangu. Alikuwa mwembamba kama mimi lakini mdomo wake ulikuwa haujaugua.

"Nyinyi Wakamba si mna dawa ya kila kitu huko Kitui?" aliniuliza siku ile ya kwanza. "Mbona uko hapa na sisi watu wa kawaida?"

"Na wewe Mluhya," nikamwambia, "mbona hiyo supu ya kuku inakushinda?"

Akaangalia chupa ya supu aliyopikiwa na dada yake. "Kuku wa Nairobi huyu. Hana imani."

Mutheu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Nywele zilitoka baada ya dawa ya kwanza, na nyusi baada ya ya pili. Kucha ziliota mistari myeusi. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Na sugu zangu, zile ngozi ngumu za miaka ishirini na mitatu, zilianza kubanduka viganjani kama ganda la kitunguu. Hapa ndipo nilipokosea kosa ambalo nadhani ni mchongaji tu angelifanya. Mkono wetu ukikaa bila kazi, sugu hulainika, na ukirudi kwenye mbao vidole huwa havisikii vizuri kwa wiki moja au mbili. Tunauita mkono wa mgeni. Kwa hiyo vidole vilipoanza kufa ganzi nilijiambia ni mkono wa mgeni, utazoea. Muuguzi alipouliza, nilisema hapana. Nyuma ya hapana hiyo kulikuwa na jambo jingine nisilomwambia mtu: niliogopa wakijua watanipunguzia dawa, na uvimbe urudi.

Kabla ya dripu ya nne, mvua ndefu zikiwa zimeanza, muuguzi yule alipima presha akaniambia nifunge shati. Nilihangaika na kifungo cha pili. Aliweka kalamu chini akanitazama.

"Mzee, vifungo vimeanza kukataa lini?"

"Leo tu. Ni baridi."

"Hicho cha juu kimefungwa na nani?"

Mutheu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Mimi. Kutoka ile dawa ya pili."

Daktari alibadilisha vipimo vya dawa siku hiyo hiyo. Aliniambia bila ukali kwamba ganzi ikiwahiwa mara nyingi huachilia, na ikichelewa huweza kubaki. Nikaomba arudie neno la mwisho. Akalirudia.

Dripu ya sita ilikuwa Juni. Wafula hakuwepo kwenye benchi, na dripu ya tano pia hakuwa amekuja. Simu yake iliita mara moja ikapokewa na mwanamke. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kusema, nikaelewa kabla hajaanza.

Picha za Julai zilionyesha uvimbe umeisha. Watu wa kanisani walikuja na maziwa na unga, wakaimba, wakaenda. Mimi nilibaki kwenye kochi, nimejifunika blanketi mbili katika baridi ile ya Julai. Watu wengi hawakuambii kuhusu kipindi hiki. Ugonjwa umetoka na wewe hujarudi. Nilifungua kitabu nikasoma sentensi, nilipofika mwisho wake mwanzo ulikuwa umepotea. Niliingia jikoni nikasahau nilifuata nini. Redio ilisema na mimi nikasikia sauti bila maneno. Mtu aliyejifunza kila kitu kwa kukaza akili, sasa hakuwa na cha kukaza.

Siku moja mwezi huo nilihesabu. Kutoka swala wa Desemba, ilikuwa imebaki miezi mitano sheria yangu inifikie. Nikaamua kujijenga upya kwa utaratibu, kwa kuwa ni utaratibu tu ninaoujua. Nitauelezea kama ulivyokuwa, auchukue utakayemfaa.

Kila siku saa mbili asubuhi, baada ya chai, nilikaa kwenye kiti kile kile kwenye veranda, mgongo kwa barabara. Simu niliitia kwenye sufuria na kufunika kifuniko, sufuria ikakaa jikoni. Nilichonga kijiko, kijiko tu, cha jakaranda, kwa dakika ishirini za saa ya ukutani. Dakika zikiisha niliacha hata kama kazi ilikuwa tamu. Zaidi sana ikiwa ilikuwa tamu. Kabla ya kuinuka niliweka alama ya penseli mahali kisu kitakapoanzia kesho, ili asubuhi nisikae nikijiuliza. Mwanzoni kijiko kimoja kilichukua siku tano. Baada ya kijiko nilisoma mstari mmoja wa kitabu kwa sauti na kujaribu kuuandika bila kuutazama. Ukikataa, niliuacha ukatae. Kufika saa tatu nilikuwa nimechoka kama mtu aliyepakua lori, nikalala hadi mchana.

Kidole gumba changu kilikuwa hakisikii kitu, kwa hiyo nilitafuta kipimo kingine. Mutheu alikuwa na soksi kuukuu ya nailoni. Ukiipitisha juu ya mbao, hunasa penye mkwaruzo. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, niliipitisha juu ya kazi ya jana nikahesabu imenasa mara ngapi, nikaandika daftarini.

Vijiko viwili vya kwanza vilikuwa aibu. Soksi ilichanika. Baada ya cha pili sikuamka siku mbili. Mutheu alifungua pazia, akalifunga tena. Siku ya tatu nilirudi kwenye kiti, na kuanzia wiki ile hesabu ikaanza kushuka. Kumi na nne. Kumi na moja. Tisa. Mwisho wa Septemba soksi ilinasa mara mbili tu juu ya kijiko kizima. Na mistari ya kitabu ilikuwa imefika ukurasa. Nilimpigia Mzee Kioko simu nikamwambia Desemba nitaleta kazi.

"Mkono umerudi?" akauliza.

"Unarudi. Nimeuandika siku kwa siku."

"Wewe na daftari," akasema, lakini nilisikia amefurahi.

Oktoba shangazi yake Mutheu alifariki, naye akaenda Kitui mazishini kwa siku sita. Aliniachia githeri kwenye friji na maagizo mengi. Siku ya kwanza nilichonga kama kawaida, nikalala. Asubuhi ya pili soksi ilinasa mara kumi na tatu. Nilidhani nimekosea kuhesabu. Ya tatu, kumi na nne. Ya nne, soksi ilinasa na haikutoka mpaka nilipoivuta kwa meno.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya karatasi. Nilijipapasa shingo mbele ya kioo, kushoto, kulia, chini ya kwapa. Nilikuwa na hakika ugonjwa umerudi. Kwa siku mbili sikumwambia mtu. Siku ya sita nilienda kutafuta soksi nyingine kwenye kopo la biskuti ambamo Mutheu huweka nyuzi na sindano. Chini ya nyuzi kulikuwa na vipande vya msasa, laini kabisa, vimekunjwa ukubwa wa kidole, vimejaa vumbi la jakaranda.

Nilikaa sakafuni nikiwa nimevishika. Ilinichukua muda, akili yangu ilikuwa bado nzito, lakini ilifika. Kila siku nilipolala saa tatu, yeye alitoka kwenda verandani na msasa.

Alirudi jioni na kuku aliyefungwa miguu na mfuko wa ndengu. Vipande vya msasa vilikuwa mezani, vimepangwa. Aliviona kabla hajatua mizigo.

"Baba Ndinda," akasema. Ndinda ni binti yetu, ameolewa Machakos. "Kwanza nipe maji."

Nikampa. Akanywa yote.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu zile siku mbili ulizokataa kuamka."

"Kwa hiyo daftari lote ni uongo."

"Uongo gani? Mama yangu alipiga msasa kazi za baba yangu miaka thelathini. Wanawake wote wa pale banda walikuwa wakipiga msasa mpaka ulipoleta hiyo sheria yako. Hakuna aliyewahi kuita hiyo kazi uongo."

"Mimi niliandika kwamba napona, Mutheu. Kila siku. Nimemwambia mpaka Mzee Kioko."

"Nilijua unaandika." Alikaa, akaanza kumfungua kuku miguu. "Ungeona vile ulikuwa kwa hiyo kochi. Nilikuwa nakutazama nafikiria, huyu kemo imemwachia na sasa anakufa na kitu kingine. Halafu ukaamka ukakaa kwa kiti. Nikasema, akikaa pale kila asubuhi, mimi vijiko nitavimaliza. Sikutaka mkono wako. Nilitaka uamke."

Kuku alisimama katikati ya sebule, akatutazama kwa jicho moja. Hakuna aliyecheka. Tulikaa wiki mbili tukizungumza mambo ya chumvi na gesi tu.

Nimefikiri sana juu ya wiki hizo. Nilikuwa na hasira kwa sababu alinidanganya, na hasira zaidi kwa sababu ilisaidia. Ningejua ukweli Agosti, ningeacha. Na kukaa pale kila asubuhi kulikuwa kumenirudishia kitu ambacho msasa haukuweza kughushi: kufikia Oktoba nilisoma kurasa nne bila kurudi nyuma, na niliota mnyama wa kuchonga, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu Desemba. Akili ilirudi. Ni mkono uliobaki njiani.

Niliendelea. Saa mbili, kiti, sufuria, dakika ishirini. Mutheu alienda sokoni saa tatu makusudi, ili nione hayupo. Mvua fupi zilinyesha verandani nikavuta kiti ndani. Sasa hesabu zilikuwa za kweli na zilishuka kwa uchungu, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi, kumi na moja. Mwisho wa Novemba nilimaliza kijiko cha mzeituni ambacho soksi ilipita juu yake bila kunasa hata mara moja. Nilirudia mara tano. Karibu nacho, kabatini, kulikuwa na kile cha Septemba, cha Mutheu, laini kama yai. Asubuhi ya mkutano wa kikundi wa Desemba niliviweka vyote viwili mezani nikavitazama hadi chai ikapoa. Nilibeba changu.

Bandani walinikaribisha kwa kelele. "Katibu, umerudi na kipara cha kiaskofu." Kigoda changu kilikuwa kimefutwa vumbi. Mzee Kioko alipokea kijiko, akakipeleka mgongoni, akaangalia barabara. Kidole kilianzia mpini. Nilikifuata kwa macho ya akili, kikashuka shingoni, kikazunguka bakuli la kijiko upande wa nyuma. Hapo kikasimama. Kikaenda mbele, kikarudi, kikasimama pale pale.

Alikileta mbele na, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, akasema. "Hapa. Kuna bonde."

Soksi hunasa kwenye mkwaruzo. Bonde haiwezi kulijua. Inashuka nalo na kupanda nalo. Ni nyama ya kidole tu inayolijua.

"Wanachama," Mzee Kioko akawaambia wengine, "huyu ametoka mbali. Mimi naona tumuongezee miezi sita."

Walikubali kwa sauti, wote, na walimaanisha. Nilisimama. Nilitaka sana kukubali. Nilimwona Musyoka akilini, jinsi alivyonisikiliza hadi mwisho siku ile.

"Musyoka hakuongezewa," nikasema.

Niliomba mambo mawili: kifungu kile kiongezwe maneno kuhusu ugonjwa na kuuguza, na Musyoka aitwe kwenye nafasi. Kisha nikatungua vifaa vyangu kimoja kimoja. Misumari niliiacha ukutani. Mzee Kioko alinisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba kisiki changu begani, ingawa nilimwambia akiache.

Mutheu aliponiona naingia na tezo na patasi zote, aliinuka, akapokea mfuko, akautua kwa utaratibu. Nilikaa, nikampa kijiko.

"Kuna bonde," nikasema. "Mimi silisikii."

Akafumba macho akapitisha kidole gumba chake. Kilisimama. "Hapa," akasema. Nikaweka alama ya penseli.

Sasa ni Machi, joto halijavunjika. Vipimo vya Februari vilikuwa safi, vya Mei sijui. Ganzi ipo, na daktari hasemi tena kuhusu kuachilia. Nimeanza swala. Sitaweza kumpeleka popote; ni wa hapa nyumbani. Saa mbili simu inaingia kwenye sufuria, nakaa kwenye kiti, na Mutheu anakaa kwenye kigoda kando yangu, haendi tena sokoni saa hizo. Nachonga dakika ishirini. Kisha nampa, anafumba macho, na mahali anaposema hapa naweka alama, ili kesho nijue pa kuanzia.

Daftari naliandika bado. Jana alisema hapa mara tisa. Leo mara tisa.